Chepkoilel: kitongoji cha Eldoret ambako mwanetu amekwenda kusomea samaki

Dada yangu alinipigia simu baada ya isha, na hakunisalimu. "Kaka, Chepkoilel ni wapi?"

Barua ya binti yake ilikuwa imetoka: kozi ya uvuvi na viumbe vya majini, Chuo Kikuu cha Eldoret. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi bara ndiye aliyemwambia kwamba chuo chenyewe hakiko Eldoret mjini, kiko nje kidogo, pahali paitwapo Chepkoilel. "Samaki," akasema dada. "Mtoto wa Likoni aende akasomee samaki Eldoret. Kwani Kilindini kumekauka?"

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu jina lile nalijua. Mwaka 2001 mimi mwenyewe niliitwa huko, wakati huo ikiwa ni tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Marehemu mzee wangu aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Huko ndiko wanakouana," akasema, na maneno yakaisha. Alikuwa akikumbuka vita vya kikabila vya Bonde la Ufa vya mwaka 1992. Hakukumbuka kwamba Agosti 1997, miaka minne tu nyuma, ni Likoni yetu iliyowaka moto. Nikabaki nyumbani, nikachukua diploma yangu papa hapa Mombasa. Sijuti kila siku. Siku nyingine hujuta.

Basi safari hii nikamwambia dada: usiseme ndiyo wala la, mtoto nitampeleka mimi, nikapaone. Nimekwenda, nimerudi. Na kwa kuwa najua kuna nyumba nyingi kutoka Majengo hadi Malindi zinazopata barua kama hiyo kila mwaka, naandika hapa yale ambayo mzee wangu angetaka kuelezwa mwaka ule, na hakuwapo wa kumweleza.

Mahali penyewe

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaowapoteza wazazi wengi. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret ni vyuo viwili mbali. Makao makuu ya Moi yako Kesses, kama kilomita 35 kusini-mashariki ya mji. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko Chepkoilel, upande wa pili kabisa, kaskazini. Nilikutana stendi na baba mmoja kutoka Kwale aliyekuwa amempeleka mwanawe Kesses kwa teksi, akaambiwa jina halipo, akarudi na sanduku lake na nauli imemtoka mara mbili.

Ukitoka katikati ya mji washika barabara ya Iten. Usitarajie mji uishe ndipo kitongoji kianze. Eldoret haikomi: wapita nyumba za kupangisha za ghorofa nne na tano, maduka ya vifaa vya ujenzi, vinyozi, vibanda vya mahindi ya kuchoma, na makonda wakitaja Kimumu, Kimumu. Kisha wafika njia panda iitwayo Chepkoilel Junction. Hapo barabara yagawika. Moja yaendelea Iten, kule kwa wakimbiaji, na nyingine yaelekea Ziwa. Chuo kiko kwenye hii ya Ziwa, jumla kama kilomita 9 kutoka mjini. Ziwa ni jina la mji mdogo huko mbele, mtoto wa pwani asilete mishipi.

Kiutawala hapa ni Kaunti ya Uasin Gishu, eneo bunge la Moiben. Ukitaka mfano wa kwetu, ifikirie Mtwapa ilivyokuwa kabla haijajaa: mahali palipokuwa mashamba, barabara ikapita, watu wa mjini wakaona viwanja ni rahisi, wakaja wapangaji, wakaja wauza chipsi, na leo huwezi kusema mji umeishia wapi. Tofauti ni kwamba Mtwapa iliinuliwa na watalii na wafanyakazi wa Mombasa, na Chepkoilel imeinuliwa na wanafunzi. Chuo kikifungwa, Kimumu yote hupunguza sauti. Muuza mboga mmoja aliniambia kwamba yeye hahesabu miezi kwa majina, yeye huhesabu kwa kufungua na kufunga.

Sasa kuhusu baridi, kwa maana ndilo swali la kwanza la kila mama. Uwanda huu wa Uasin Gishu uko juu ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, tena linachoma kuliko la kwetu, lakini kivuli chake ni baridi, na usiku joto huteremka hadi nyuzi kumi na hivi. Mvua huanza kama Machi na haikati hadi karibu Septemba au Oktoba, na mara nyingine yaja na mawe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida huripoti Agosti au Septemba, yaani anaingia katikati ya mvua na tope. Sweta moja haitoshi. Blanketi nunueni Eldoret, ni nzito kuliko za kwetu na bei si mbaya.

Jambo jingine ambalo halimo katika barua ya chuo: kwa urefu ule, maji huchemka yakiwa kama nyuzi 93, hayafiki 100. Maana yake mbaazi na maharage hukataa kuiva. Mpwa wangu aliweka sufuria ya mbaazi saa kumi jioni, akala saa tatu usiku, akanipigia simu akidhani gesi ni mbovu.

Ukisimama mahali palipoinuka penye uwazi, waona mashamba ya mahindi na ngano yaliyolala tambarare kama bahari iliyotulia, safu za mikaratusi na misunobari, na kwa mbali upande wa kaskazini-mashariki jabali limechomoza peke yake. Hilo ni Sergoit, na nitalirudia. Kuna mto mdogo wenye jina hilo hilo la Chepkoilel, na kinamasi kiitwacho Marura ambacho wakulima wanazidi kukila kidogo kidogo kwa majembe. Maji ya upande huu hushuka hadi mto Nzoia, yakaingia Ziwa Victoria, na kutoka huko yakashika Nile. Yaani tone la mvua linaloanguka uwanjani mwa chuo laelekea Misri. Letu la Likoni laishia feri.

Jina lenyewe nilimuuliza bodaboda. Akaniambia kwa Kikalenjin jiwe ni koita, na leel ni nyeupe, basi nijaze mwenyewe. Nikajaza. Mawe ndiyo yaliyoupa jina hata mji mkubwa, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi: Eldoret yatokana na neno la Kimaasai la mto wa mawe, kwa ajili ya mto Sosiani unaopita kati ya mji juu ya miamba.

Waliotangulia kupanda

Watu wetu wana tabia ya kuiona Eldoret kama mwisho wa dunia, mahali pasipohusiana na pwani. Historia yasema vingine.

Uwanda huu ulikuwa na wenyewe zamani sana. Mashimo ya mviringo yaliyo katika nyanda hizi huitwa mashimo ya Sirikwa, kwa jina la watu wanaotajwa kuwa waliishi na kufuga hapo. Baadaye wakawa Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao ndio walioacha jina, wakavunjwa nguvu katika vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19. Wanandi na Wakeiyo wakawa wanalisha ng'ombe kingo zake. Misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kutafuta pembe ilijua njia hii: ilipumzika Baringo, ikapanda, ikavuka uwanda, ikateremka hadi kwa Mumia. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta nyasi na wanyama na watu hakuna, na waliombebea mizigo yake walikuwa watu wa Unguja na wa mwambao. Kwa hiyo mpwa wangu na sanduku lake si wa kwanza.

Utupu ule ndio uliowadanganya Waingereza. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni uwanda huu wa Uasin Gishu wafanye makao ya Wayahudi. Watu wengi wamesikia habari ya Wayahudi kupewa Uganda, hawajui kwamba ardhi iliyokusudiwa ni hii, ambayo zamani hizo ilihesabiwa upande wa Uganda na ilikuwa imehamishiwa Kenya juzi tu. Walitumwa watu watatu kuikagua, mwanzoni mwa 1905. Ripoti haikuwafurahisha, na katika mkutano wao mkuu wa mwaka ule ule huko Basel wakaikataa. Nilipokuwa nimesimama kwenye njia panda ya Chepkoilel nikisubiri matatu, nilifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu. Hakuna aliyekuwa amewauliza Wanandi. Na ungesomaje leo habari za Palestina, na za hapa, kama wale watatu wangeipenda hewa?

Baada ya Wayahudi kukataa wakaja Makaburu. Mwaka 1908 familia karibu hamsini kutoka Afrika Kusini, zikiongozwa na Jansen van Rensburg, zilishuka bandari ya Mombasa pamoja na mabehewa yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wakapanda treni hadi Nakuru. Kutoka Nakuru hapakuwa na njia. Walijitengenezea wenyewe, wakikata miti na kuvuta mabehewa kwenye matope ya mlimani, kutoka Agosti hadi Oktoba. Safari ambayo leo ni saa mbili na nusu hadi tatu kwa matatu. Na pa kwanza walipokusanyika walipofika uwandani ni kwenye lile jabali, Sergoit, ambalo mtoto wetu sasa analiona akitoka darasani.

Mashamba yakapimwa na kupewa nambari. Shamba nambari 64 likawekwa posta mwaka 1910, na mji ukaanza hapo. Hadi leo wazee wa Kikalenjin huuita mji Sisibo, ambayo ni hiyo hiyo sitini na nne ya Kizungu imetafunwa. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret. Kuna kisa husimuliwa mjini kwamba kasha la chuma la benki ya kwanza lilianguka kutoka kwenye behewa, likawa zito mno kusogezwa, benki ikajengwa kulizunguka. Sijui mhasibu alisema nini, lakini kisa nimekipenda.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Kabla ya hapo kila mfuko wa chumvi na kila msumari ulitoka Mombasa kwa treni hadi Londiani, kisha ukamalizia kwa ng'ombe, na wakati wa mvua wiki zilipita. Reli iliyotoka usawa wa bahari Kilindini ilipanda hadi futi 9,136 karibu na Timboroa, kisha ikateremka Eldoret na kwenda Uganda.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1946, na si kama chuo. Kilikuwa kituo cha kuwafundisha kilimo walowezi wenye mashamba makubwa, na vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu. Uhuru ukaja, walowezi wengi wakauza, mashamba yakanunuliwa na makampuni ya wananchi na watu mmoja mmoja, yakagawanywa, yakagawanywa tena. Mwaka 1984 kituo kikageuzwa kuwa chuo cha kufundisha walimu wa sayansi wa diploma. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikakichukua kuwa tawi, ndipo jina la Chepkoilel likaingia katika barua kama niliyoipata mimi. Mwaka 2010 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mapema mwaka 2013 kikapewa hati yake kamili, na jina likabadilishwa kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Mimi sikuona sababu ya kulitupa jina zuri namna ile. Makonda nao hawakuona: bado wanaita Chepkoilel, na ukiwaambia "University of Eldoret" wanakutazama kwanza nguo ndipo wanakujibu.

Msomaji atauliza, na dada yangu aliuliza: na sisi? Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilipata hati yake mwaka huo huo wa 2013, wiki chache kabla. Nacho kilianza kama taasisi ya kilimo. Nacho chafundisha mambo ya bahari na uvuvi. Mwaka 2001, nilipoitwa mimi, Kilifi palikuwa na taasisi hiyo ya kilimo tu na Mombasa palikuwa na Polytechnic, basi. Mtoto wa pwani aliyetaka shahada ya chuo cha serikali alikuwa hana budi kupanda gari. Leo anaweza kuomba Kilifi au Mombasa. Lakini nafasi hugawanywa na KUCCPS kwa alama na kwa chaguo la mwanafunzi, na mpwa wangu alijaza Eldoret la pili bila kumwambia mtu. Alipoulizwa alisema alitaka kuona mahali pengine. Dada alilia siku mbili kwa jibu hilo. Mimi lilinichoma kwa namna nyingine.

Na hilo la samaki si mzaha. Idara ya uvuvi ya Chepkoilel ni ya tangu enzi za Moi, na wako maofisa wa samaki wanaotembelea mialo yetu ambao walisomea huko, juu milimani. Chuo kina mabwawa yake ya kufugia sato na kambare. Nilimsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi kwamba samaki wa Kenya siku zijazo atatoka zaidi shambani. Wavuvi wetu wa Gazi na Shimoni wanaolalamika kila msimu kwamba nyavu zarudi tupu pengine wangetaka kuisikia hoja hiyo, hata kama ni kuipinga.

Njia ya kwenda, na ya kurudi

Mombasa hadi Eldoret ni kama kilomita 800: 480 hadi Nairobi, na zaidi ya 300 kutoka hapo. Zipo njia tatu.

Basi la moja kwa moja ndilo tulilochukua, kwa sababu ya mizigo. Tuliondoka saa kumi alasiri, tukapita Nairobi usiku wa manane, tukalala Naivasha na Nakuru bila kuziona. Baada ya Mau Summit barabara yavuka ikweta. Mpwa wangu aliamka akaniuliza kwa nini vioo vimefanya ukungu. Timboroa nilitaka kushuka nitie udhu, nikagusa maji, nikarudi nikachukua koti kwanza. Kisha karibu na Burnt Forest gari likaharibika, tukakaa kando ya njia saa tatu, na yule aliyetukatia tiketi hakushika simu tena. Waliotaka kuendelea wakalipa matatu upya. Kampuni siitaji. Nasema tu kwamba ukipanda basi la usiku uwe na akiba ya nauli mfukoni isiyoguswa, hasa mtoto akisafiri peke yake.

Njia ya pili ni treni. Tangu 2017 Madaraka Express hutoka Miritini hadi Syokimau, kisha waingia Nairobi mjini na kupanda matatu ya Eldoret, ambayo ni saa tano au sita ikiwa malori hayajafunga njia. Ni njia ya starehe kuliko basi, ila ina kupanda na kushuka kwingi, na mwanafunzi mwenye godoro hawezi. Hapa ndipo roho huniuma. Reli ya zamani, ile iliyotoka kwetu, bado yapita Eldoret mjini kwenda Malaba, na bado yabeba mizigo. Abiria wake ndio walioachwa. Mtu mwenye miaka sabini Mombasa atakusimulia alivyolala kwenye behewa akaamkia Eldoret. Mwenye miaka ishirini hawezi kulifanya hilo kwa pesa yoyote.

Ya tatu ni ndege. Uwanja wa kimataifa wa Eldoret ulifunguliwa mwaka 1997, na uko kusini, upande wa barabara ya Kisumu, kama kilomita 16 kutoka mjini. Anayekwenda Chepkoilel akishuka hapo anakuwa upande usio wake, lazima aupite mji wote. Nauli yake mimi siizungumzii.

Kuna kitu kimoja cha pwani ambacho hufika Eldoret bila kusimama njiani kununua chai. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilirefushwa mwaka 1994 kupita Nairobi hadi Eldoret na Kisumu. Mafuta yanayoshushwa Kipevu hutokea kwenye matangi ya Eldoret, na malori ya kwenda Uganda hujaza hapo. Bodaboda iliyotupeleka hosteli ilikuwa yaendeshwa na petroli iliyopita chini ya miguu yetu kule Changamwe. Nilimwambia kijana mwenye pikipiki. Akasema basi angetuletea na samaki kwa bomba hilo hilo.

Kutoka mjini hadi chuoni ni matatu za kawaida, na nilipokwenda mimi nauli ilikuwa chini ya shilingi mia. Asubuhi na jioni pale njia panda pana msongamano, kwa maana barabara mbili zakutana na vitongoji vimekua kuliko barabara. Agosti 15, 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kimumu haijapata habari: kuna vijia ambavyo mvua ikinyesha wanafunzi hutembea na gambuti mkononi wakisubiri kufika penye tope wazivae. Hosteli za ndani ya chuo hazitoshi wote, wengi hupanga chumba nje, na chumba kizuri huenda mapema. Angalieni mambo mawili kabla ya kulipa: maji yapo kila siku au kwa zamu, na kutoka lango la chuo hadi mlangoni kuna taa au hakuna. Binti wa watu anatoka maktaba saa mbili usiku.

Sasa la mzee wangu. Sitaki kulipita kana kwamba halikuwa na msingi. Mwaka 1992 palichafuka, na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, palichafuka vibaya zaidi; lile kanisa la Kiambaa lililochomwa moto na watu wamejificha ndani liko huku huku nje ya Eldoret. Wenyeji hawapendi kulizungumza na mgeni, nami sikulazimisha. Mzee mmoja mwenye duka la dawa za mifugo, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniuliza Likoni kuko vipi siku hizi, kwa sauti ile ile ambayo sisi huulizia kwao. Nikamwambia kumetulia, alhamdulillahi. Akasema na huku kumetulia. Uchaguzi mwingine ni 2027, na mpwa wangu atakuwa bado huko. Tumekubaliana na mama yake kwamba wiki ya kura atakuwa nyumbani, na nauli yake ya kurudi imeshawekwa kando.

Kuhusu dini, msikiti upo mjini, na chuoni wanafunzi Waislamu wana jumuiya yao. Aliyempokea mpwa wangu ni msichana wa Garissa wa mwaka wa tatu, ambaye alimtazama viatu vyake vya kamba, akamtazama mimi, akasema, "Mjomba, hivi vitaoza kwa wiki." Siku ile ile wakaenda sokoni. Chakula ni ugali, sukuma wiki, maziwa, na mursik kwa anayeweza. Mahamri ukiyataka wajipikia. Nazi niliikuta sokoni, kavu, bei yake sitaki dada aisome.

Hospitali ya rufaa ya Moi iko mjini, na ni ya pili ya rufaa ya taifa, baada ya Kenyatta. Hilo lilimtuliza dada kuliko yote niliyoyasema, maana mtoto ana pumu. Daktari wetu alituonya kwamba hewa ya juu ni nyepesi na wiki mbili za kwanza asikimbie, na ikawa siku ya tatu yake, kwenye barabara ya Ziwa, wamempita vijana wa mazoezi wapatao arubaini, wembamba kama fito, hata pumzi hawasikiki. Alisimama kando akiwatazama hadi walipopotea.

Jumamosi iliyopita alituma picha. Amesimama ndani ya bwawa, gambuti hadi magotini, ameshika upande mmoja wa wavu, na nyuma yake mahindi yamekauka yangoja kuvunwa. Kilemba chake ni kile cha sare ya skuli ya Likoni. Dada aliitazama kwa muda, akaivuta kwa vidole aikuze, akaniuliza kama yule wavuni ni sato au perege. Sikujua. Akachukua simu akampigia mwenyewe.